Mwalimu Nyerere na Marafiki wa Darasani: Somo kwa Wanafunzi na Wazazi wa Mlowo

Kila mwaka ifikapo tarehe 14 Oktoba, taifa letu humkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyefariki dunia siku hiyo mwaka 1999. Huzungumzwa habari za uhuru, za Muungano na za Azimio la Arusha, na ni haki zizungumzwe. Sisi tunaowaandikia waamini wa Mlowo, na hasa vijana walio shuleni, tumependa kuyatazama maisha yake kwa upande mmoja unaotajwa mara chache, yaani upande wa marafiki aliowapata darasani. Anayeyafuata maisha hayo kwa utulivu huona kwamba imani yake Katoliki ilimfikia kwa njia ya mwanafunzi mwenzake. Huona pia kwamba kazi aliyolifanyia taifa ilianza katika mazungumzo na wanafunzi ambao hawakuwa wa kabila lake, na wengine hawakuwa wa dini yake.

Alizaliwa mwezi Aprili 1922 huko Butiama, katika nchi ya Wazanaki, mashariki ya Ziwa Viktoria. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu mwenye wake 22, na mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano. Wazanaki ni kabila dogo. Kijana Kambarage alikua akichunga mbuzi, akisema Kizanaki na kuishi katika dini ya mababu zake. Watu aliowajua walikuwa wa ukoo, wa majirani na wa kabila lake. Watoto wengi wa vijiji vyetu vya Mbozi huanza maisha hivyo hivyo, wala si aibu. Kila mtu huanzia nyumbani kwao.

Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, alipelekwa Shule ya Mwisenge mjini Musoma, mwendo wa takriban kilomita 40 kutoka Butiama. Ilikuwa shule ya serikali yenye bweni, na ndani yake walikutana watoto wa koo na makabila mbalimbali ya nchi ile. Aliyewahi kulala bweni anajua jinsi siku za kwanza zinavyokuwa. Mtoto humtafuta kwanza mwenye lugha ya kwao, na akimpata humshikilia kama mtu ashikavyo gogo katika maji mengi. Kambarage hakuishia hapo. Alijenga urafiki na mwanafunzi mwenzake aitwaye Oswald Mang'ombe Marwa, ambaye alikuwa akihudhuria mafundisho ya dini ya Kikatoliki. Kwa kumfuata rafiki huyo, mtoto wa chifu asiyekuwa Mkristo alianza kuketi pamoja na wanafunzi waliofundishwa habari za Kristo na Wamisionari wa Afrika, wale ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, na ambao walifanya kazi pia katika nchi yetu ya Mbeya.

Tusipite haraka mahali hapa. Hakuna mkutano mkubwa wa Injili uliomleta Nyerere kwenye mlango wa Kanisa. Aliletwa na mvulana wa rika lake, ambaye huenda naye hakujua analofanya lina ukubwa gani. Injili ya Yohane inatusimulia jambo linalofanana na hilo. Filipo alipokwisha kumjua Bwana alimwendea Nathanaeli, naye Nathanaeli akawa na mashaka, kwa sababu alisikia kwamba Yesu ametoka Nazareti, mji asioutarajia kutoa mtu wa maana. Filipo hakubishana naye juu ya sifa za Nazareti. Alimwalika aende akajionee mwenyewe. Nathanaeli angaliishikilia dharau yake kwa watu wa mji ule, asingalikutana na Mwokozi wake. Vivyo hivyo, kama Kambarage angaliambatana na Wazanaki wenzake tu, au kama Oswald angaliona kwamba mtoto wa dini ya mababu si wa kukaa naye, historia ya Kanisa katika Tanzania ingalipungukiwa na mlei mmoja mkubwa.

Mwaka 1937 Kambarage alifaulu kwenda Shule ya Serikali ya Tabora. Shule hiyo ilianzishwa hasa kwa ajili ya watoto wa machifu, na ilifuata mtindo wa shule za bweni za Uingereza. Baadaye ilipokea pia vijana hodari waliotoka katika nyumba za kawaida. Ilikusanya vijana kutoka pande nyingi za Tanganyika, waliosafiri siku kadhaa ili kufika. Hapo alikutana na Andrew Tibandebage kutoka upande wa Bukoba, Mkatoliki. Urafiki wao ulidumu baada ya shule, nao utatusaidia kuelewa yaliyofuata.

Baba yake alifariki dunia mwaka 1942. Mwaka uliofuata, tarehe 23 Desemba 1943, Kambarage alibatizwa huko Nyegina, karibu na Musoma, akapewa jina la Julius. Tangu alipoanza kumfuata Oswald kwenye mafundisho ilikuwa imepita miaka mingi. Wazazi na makatekista wanaotaka matunda ya haraka na wakumbuke hesabu hiyo.

Mwaka huohuo wa 1943 aliingia Chuo cha Makerere, Uganda, kusomea ualimu. Makerere ya wakati ule iliwapokea vijana wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Mwanafunzi wa Tanganyika alijikuta mgeni kati ya wenyeji waliokuwa wengi na waliotangulia katika elimu. Ingalikuwa rahisi kwa Watanganyika wachache waliokuwapo kugawanyika tena kwa makabila na kwa dini. Nyerere, pamoja na Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu, walianzisha chama cha ustawi wa Waafrika wa Tanganyika. Mwapachu alikuwa Mwislamu kutoka Tanga, pwani kabisa. Nyerere alikuwa Mzanaki aliyebatizwa punde, naye Tibandebage alikuwa mtu wa magharibi ya ziwa. Vijana hao watatu walikuwa wanafunzi tu, hawana fedha wala cheo, lakini waliyatafakari pamoja mambo ya nchi yao kabla nchi hiyo haijajijua kuwa taifa.

Alipomaliza Makerere mwaka 1945 alirudi Tabora kufundisha katika Shule ya Mtakatifu Maria, iliyokuwa ya Mapadre Weupe, ambako Tibandebage naye alifundisha.  Mwaka 1949 alikwenda Uskoti, Chuo Kikuu cha Edinburgh, akiwa miongoni mwa Watanganyika wa kwanza kabisa kusoma katika chuo kikuu cha Uingereza. Huko hakukuwa na Mzanaki wa kuongea naye, na Waafrika walikuwa wachache. Alisoma kati ya vijana wa Kizungu, wa taifa lilelile lililoitawala nchi yake, akarudi mwaka 1952 na shahada yake. Hakurudi na chuki juu ya watu wa rangi nyingine, na katika uongozi wake wote alikataa siasa ya kumhukumu mtu kwa rangi.

Mwezi Januari 1953 alifunga ndoa na Maria Gabriel Magige huko Musoma. Mwaka huo alianza kufundisha katika Chuo cha Mtakatifu Fransisko, Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Dar es Salaam ya siku hizo ilikuwa na Waislamu wengi, na mwalimu wa misheni kutoka Musoma alikuwa mtu wa kuja. Aliyempokea katika siasa za mji alikuwa Abdulwahid Sykes, Mwislamu wa familia mashuhuri ya pale. Tarehe 17 Aprili 1953 chama cha TAA kilifanya uchaguzi wake. Nyerere alichaguliwa kuwa rais na Abdulwahid, aliyeshindana naye, akawa makamu wake. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa. Waasisi wake walikuwa 17, Wakristo na Waislamu, kutoka pande mbalimbali za nchi. Baadaye Bibi Titi Mohamed, mwanamke Mwislamu, aliwavuta akina mama kwa maelfu katika chama kilichoongozwa na Mkatoliki. Mwaka 1955 Nyerere aliacha ualimu ili kuitumikia kazi hiyo, na tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru. Watu wenye makabila zaidi ya 120 waliingia katika uhuru bila kumwaga damu. Wanaoitafuta sababu ya amani hiyo wasiisahau shule. Aliyewaongoza alikuwa amekwisha kujifunza, tangu dawatini, kumwamini mtu asiyefanana naye.

Wazazi wengi Wakatoliki huuliza, na swali lao ni la haki, kama mtoto anayechangamana na wa dini nyingine hatapoteza imani yake. Maisha ya Mwalimu yanajibu. Alifanya kazi mchana na usiku pamoja na Waislamu, Walutheri, Waanglikana, Wamoraviani na wasio na dini, na hadi mwisho wa maisha yake alijulikana kwa desturi ya kuhudhuria Misa asubuhi na mapema, tena na tena, hata akiwa Rais. Imani yake haikuhitaji kuwakimbia watu ili idumu. Ilikuwa na mizizi katika mafundisho aliyoyapokea kwa miaka mingi, katika sala na katika Ekaristi. Mtoto aliyefundishwa vizuri anaweza kuketi na yeyote. Mtoto ambaye hakufundishwa anaweza kupotea hata akizungukwa na Wakatoliki watupu.

Alipokuwa kiongozi wa nchi, Mwalimu alitaka watoto wote wapate nafasi aliyoipata yeye. Wakati wa ukoloni shule zilitenganishwa kwa rangi. Wazungu walikuwa na zao, Waasia na zao, na Waafrika na zao, na fedha zilizotumika hazikulingana. Kuanzia Januari 1962 utengano huo uliondolewa katika sheria, shule zikawa katika mfumo mmoja. Mwaka 1967, katika andiko lake juu ya Elimu ya Kujitegemea, alieleza kwamba elimu inapaswa kujenga jamii ya watu wanaoheshimiana na kushirikiana. Wazazi na babu zetu wanakumbuka jinsi vijana walivyopangiwa shule za sekondari mbali na kwao. Aliyekulia kwenye kahawa ya Mbozi alijikuta akisoma na waliokulia kwenye migomba ya Bukoba au kwenye minazi ya pwani. Wengi walilia siku ya kuondoka nyumbani, na wengi walirudi na marafiki wa maisha yote, wengine hata na wachumba.

Haki inatutaka tuseme pia lililoumiza. Kwa sheria ya elimu ya mwaka 1969, shule nyingi za mashirika ya dini zilichukuliwa na serikali, zikiwamo zile mbili alizofundisha yeye mwenyewe, Pugu na Mtakatifu Maria ya Tabora. Mapadre, masista na waamini walikuwa wamezijenga kwa jasho, na kwa wengi ilikuwa huzuni kubwa. Mtu anaweza kumheshimu Mwalimu na bado akaona kwamba Kanisa lilipata hasara. Hata hivyo nia ya kuondoa shule za Wakatoliki watupu au za Walutheri watupu haikuwa ngeni kwa Kanisa lenyewe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, ulihesabu kati ya kazi za shule kujenga urafiki na uelewano kati ya wanafunzi wenye tabia na asili tofauti. Leo Kanisa lina tena shule nyingi nchini, na milango yake iko wazi kwa watoto wa dini zote.

Sasa tuutazame mji wetu. Mlowo uko juu ya barabara kuu iendayo Tunduma na mpakani Zambia, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 wakati wa uongozi wa Mwalimu, inapita katika wilaya yetu. Biashara ya mahindi na kahawa imeleta watu wa kila upande. Katika darasa moja la sekondari hapa kwetu utawakuta Wanyiha wenyeji, Wandali wa Ileje, Wanyamwanga wa Momba, Wasafwa na Wanyakyusa, na pia watoto wa wafanyabiashara wa Kikinga, Kichaga au Kisukuma. Kwa dini, Wamoraviani wametutangulia katika nchi hii, kwani misheni yao ya Mbozi ni ya mwaka 1899, na wako Walutheri, Wapentekoste na Waislamu. Mwisenge ya mwaka 1934 haikuwa na mchanganyiko mkubwa kuliko huu. Nafasi aliyosafiri kilomita 40 kuitafuta, vijana wetu wanaikuta mlangoni.

Lakini kuketi darasa moja si kujuana. Tunaona makundi yanavyojengeka. Wenyeji hukaa upande wao na walioitwa wa kuja upande wao. Waliosoma shule za msingi za kulipia huwacheka wenzao kwa Kiingereza chao, nao hulipizwa kwa kuitwa wenye maringo. Waliopanga vyumba karibu na shule kwa kuwa wametoka vijijini mbali hudharauliwa kwa sare iliyochakaa na kwa chakula chao. Wana TYCS hupishana na wana UKWATA bila hata salamu. Mambo haya huanza kama utani. Yakiachwa miaka minne hukomaa, na kijana humaliza shule akiwa ameketi na watu 60 bila kumjua hata mmoja nje ya kundi lake. Siku atakapohitaji mwenza katika biashara, jirani wa kumwamini, au mtu wa kumtetea katika ugeni, hatampata. Tena, pengine palikuwa na mmoja aliyengoja kualikwa kwa Kristo, na hakuna aliyemwendea.

Kwa hiyo tunawaomba wanafunzi wetu mambo machache yanayowezekana. Mwanafunzi anapoachiwa achague pa kuketi, mara moja na achague karibu na asiyemjua. Na ajifunze jina lake kamili, mahali alipotoka, na salamu ya lugha ya kwao. Vikundi vya kujisomea visijengwe kwa kabila wala kwa dhehebu. Mwenye nguvu katika hisabati na amtafute anayehangaika nayo, naye huenda akasaidiwa katika historia. Anapofika mwanafunzi aliyehamia katikati ya mwaka, Mkatoliki na awe wa kwanza kumwonyesha mazingira. Wana TYCS wanapokuwa na sherehe au kazi ya huruma, wawaalike wengine kwa heshima, bila kuwabeza kwa nyimbo au ibada zao. Na wakialikwa wao katika furaha au msiba wa wenzao, waende. Kumshuhudia Kristo hakuna haja ya mabishano, na Oswald alimsaidia rafiki yake kwa kukubali tu aandamane naye.

Kwa wazazi tunaomba neno moja. Watoto husikia tunavyowataja watu mezani. Baba akisema kila siku kwamba kabila fulani ni wezi, au mama akikataza mtoto asile kwa jirani wa dhehebu lingine, mahubiri yetu ya Jumapili yatakuwa ya bure. Wapelekeni watoto mafundisho ya Komunyo na Kipaimara kwa wakati, salini nao nyumbani na katika Jumuiya Ndogo Ndogo, kisha msiogope rafiki wanayemleta. Mkaribisheni, mpeni chakula, mwulizeni habari za kwao. Chifu Burito, ambaye hakuwa Mkristo, alikubali mwanawe aende mbali akakae na wageni, na nchi nzima ilifaidika.

Mwalimu alifariki dunia London, akazikwa Butiama, kijiji alichozaliwa. Jimbo la Musoma lilianzisha mchakato wa kumtangaza mwenyeheri, na tangu mwaka 2005 anaitwa Mtumishi wa Mungu. Kanisa bado halijatoa hukumu yake, kwa hiyo hatumpi heshima ya hadhara wanayopewa watakatifu. Tunaweza kuyaiga mema yake, na kila mmoja anaweza kusali faraghani kwa maombezi yake. Mema hayo yalianza na mtoto mmoja wa shule aliyekubali kuwa rafiki wa mtoto mwingine. Tumwombe Bwana, aliyewakusanya wavuvi na mtoza ushuru wakawa mitume wa meza moja, awajalie vijana wa Mlowo moyo wa kupokeana hivyo, ili shule zetu zitulee tuwe ndugu. Amina.